Mkwezi apewe msumeno wa kadiri, si wa kupasulia mbao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wakata miti wa Mombasa, na pia na wenye majumba, kamati za misikiti na wasimamizi wa shule wanaotuita kazini, juu ya jambo ambalo kila mwaka masika yanapokaribia huamuliwa kwa pupa, nalo ni ukubwa wa msumeno wa mnyororo unaofaa kupanda nao mtini. Miezi ya Februari na Machi, kaskazi ikielekea kwisha na watu wakianza kutazama matawi yaliyoegemea mapaa yao, simu zetu hazinyamazi. Vijana wengi waliozoea kukwea minazi kwa panga hujiingiza katika kazi hii wakiwa na mashine ya kuazima, ya kukodi, au waliyonunua kwa ushauri wa muuzaji ambaye hajaning'inia mtini hata siku moja.

Hoja yangu ni kwamba mkata miti wa hapa kwetu mwenye uwezo wa kununua mashine moja tu, ile itakayopanda naye mwembe na itakayomaliza gogo chini, anunue ya ukubwa wa kati. Ninakusudia mashine yenye injini ya sentimita za ujazo 50 hivi, yenye mpini wa nyuma wa kushikwa kwa mikono miwili, na baa, yaani ule upanga bapa unaozungukwa na mnyororo, ya inchi 15 au 16. Nitaeleza kwa nini, maana najua wapo watakaosema kwamba mashine ya namna hiyo si ndogo wala si kubwa, na kwa hiyo haina kazi.

Sokoni vijana huvutwa pande mbili. Asiye na fedha nyingi huonyeshwa mashine ya nyumbani, kama vile Stihl MS 170 yenye sentimita za ujazo 30.1, akaambiwa kwamba wepesi wake ndio unaotakiwa juu. Ni nyepesi kweli, kwani bila baa ina uzito wa kama kilo 4. Lakini Stihl MS 261, ambayo ni ya sentimita za ujazo 50.2, ina kilo 4.9 tu, na nguvu yake ni kilowati 3, zaidi ya maradufu ya ile ndogo. Anayekimbilia mashine ndogo basi huokoa chini ya kilo moja, kisha huilipa kilo hiyo kwa kukaa juu ya tawi muda mrefu zaidi akisukuma msumeno usiotaka kula, na hakuna kinachochosha mikono na kumfanya mtu akae vibaya mtini kama kusukuma msumeno.

Mwenye fedha zaidi, au mwenye mjomba anayepasua mbao, hupewa kinyume chake. Huja na Stihl MS 381 ya sentimita za ujazo 72.2, yenye kilowati 3.9 na kilo 6.6, na baa ndefu ya kupasulia magogo. Wazee wengine bado wanayo 070, jitu la zaidi ya sentimita za ujazo 100 ambalo limepasua mbao katika sehemu nyingi za Afrika, na ambalo mimi ninaliheshimu sana gogo likiwa limelala chini na mpasuaji akiwa amesimama kwa miguu yake miwili. Mtini haliingii.

Tazama hesabu ya hizo mbili za kati na kubwa. Kutoka MS 261 kwenda MS 381 unapata kilowati 0.9 zaidi, na unabeba kilo 1.7 zaidi za mashine tupu. Ongeza baa, mnyororo, petroli na oili: ile ya 50 ikiwa na baa ya inchi 16 na matangi yaliyojaa huning'inia kiunoni kwa kilo sita na nusu hivi, na ile kubwa ikiwa na baa yake ndefu hukaribia kilo 9. Mtu aliye chini huenda akaiona tofauti hiyo kuwa ndogo. Mtu anayening'inia kwa mkanda wa nyonga, ambaye hana ardhi ya kukanyaga na ambaye mara nyingi analazimika kunyoosha mikono mbali na kifua, huihisi kila anapouinua msumeno, na katika kuangusha mwembe mmoja huuinua mara nyingi sana.

Urefu wa baa ni balaa la peke yake. Nimewahi kusimama chini ya mvinje huko Nyali nikimtazama kijana, mkwezi hodari kabisa, akikata shina juu kwa mashine ya kupasulia mbao yenye baa ya sentimita 63. Shina pale alipofika halikuzidi unene wa ndoo ya maji, kwa hiyo zaidi ya nusu ya baa ilikuwa imetokeza upande wa pili asikoweza kuona. Ilimbidi ajisukume nyuma kwa miguu ili apate nafasi ya kuuingiza msumeno, na alipoukaza, ncha ya baa ikagusa kisiki cha tawi alilokuwa amelikata dakika chache kabla na kuliacha na kipande cha kiasi cha shubiri. Mashine ikapiga teke, ikaruka juu kuelekea usoni pake, na breki ya mnyororo ikaufunga mnyororo kabla haujafika. Kilichotokea pale ni kanuni ya mashine hizi zote: robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa kitu huku mnyororo unazunguka, nguvu ya injini yote hugeuka kuwa ya kuurusha msumeno nyuma. Injini ikiwa kubwa, teke huwa kubwa. Baa ikiwa ndefu, ncha hukaa mbali na macho.

Wenye kutetea baa ndefu husema kwamba miembe ya Mombasa ni minene. Ni minene chini, naam, lakini mwenye baa ya sentimita 40 hukata shina la karibu sentimita 70 kwa kuliingia pande mbili, na juu ya hapo matawi machache sana yanafika unene huo. Mbuyu nauacha kando, kwa sababu mti ule ni laini, umejaa maji na unene wake hauna mfano. Anayetaka kuugusa mbuyu aanze kwa kuulizia kibali, tena asisahau kwamba mibuyu iliyopo bustani ya Mama Ngina hapa Mombasa imewatangulia babu zetu.

Hata katika daraja la kati kwenyewe kuna mashindano ya mashine za 50 na za 60. Stihl MS 362 ina sentimita za ujazo 59 na kilowati 3.5, na Husqvarna 562 XP ina 59.8 na kilowati hizo hizo. Zote mbili ni mashine za kazi kwelikweli na zinakaribia kilo 6 bila baa. Mkandarasi mwenye watu wa chini na wa juu namshauri awe nayo moja ya namna hiyo kwa ajili ya shina la chini na kukatakata magogo. Lakini kwa anayepanda, nusu kilowati ile haifidii uzito wake, na MS 261 au Husqvarna 550 XP Mark II, ambayo ni ya sentimita za ujazo 50.1, kilowati 3 na kilo 5.3, zitamfanyia yote anayoyahitaji. Kati ya hizi mbili sina ushabiki wa rangi. Mtu aulize kwanza ni ipi ambayo vipuri vyake vinapatikana hapa mjini siku hiyo hiyo: sproketi (gurudumu la meno linalozungusha mnyororo), chujio la hewa, kamba ya kuwashia, plagi, na ile mipira ya kuzuia mtetemo. Mashine nzuri inayosubiri kipuri kutoka Nairobi kwa juma zima haina ubora wowote kwa mtu mwenye ahadi ya kazi kesho.

Sasa nije kwenye mnyororo, ambao wengi huununua bila kuutazama, na ambao kwa miti yetu una maana kuliko chapa ya mashine. Mwarobaini wa kando ya barabara Mombasa ni ghala la misumari. Kila mganga, kila mwenye nyumba ya kupangisha na kila mgombea wa uchaguzi amepigilia bango lake pale, bango likaoza, msumari ukamezwa na gamba. Mvinje nao ni mgumu sana. Ni mti ule ule ambao René Haller, mtaalamu wa kilimo, aliutumia tangu mwaka 1971 kufunika machimbo ya saruji ya Bamburi, mahali palipokuwa jiwe tupu la matumbawe, na mti unaoweza kuishi juu ya jiwe si ajabu ukawa na mbao za kustahimili tupa. Mnazi una tabia yake: hauna pete wala kiini kigumu kama miti mingine, ugumu wake wote uko pembeni karibu na gamba, na nyuzi zake huyatafuna meno ya msumeno kwa kasi ya kushangaza. Halafu kuna mchanga, ambao upepo wa bahari huurusha mpaka kwenye mashina, na ambao mnyororo ukiugusa sekunde moja tu umekwisha makali.

Kwa miti kama hii, jino lenye pembe kali ya mraba, linalosifiwa kwa kukata haraka, halidumu. Chukua mnyororo wenye meno ya kona za mviringo, ambao hukata polepole kidogo lakini hustahimili vumbi na kupona upesi kwa tupa. Mashine nyingi za 50 huja na mnyororo wa kipimo cha inchi .325, na tupa yake ni ya milimita 4.8, mnyororo wa kipimo cha 3/8 wa mashine kubwa hutaka tupa ya milimita 5.2. Ninaona vijana wakinoa kila mnyororo kwa tupa yoyote iliyo karibu, na tupa nene kuliko kipimo haifiki chini ya ukali wa jino, ilhali nyembamba mno hulichimba mpaka likawa kama kulabu. Ishara ya mnyororo mzuri iko miguuni pako: ukitoa vipande vyenye umbo, endelea, ukitoa unga kama wa sembe, shuka ukanoe. Anayekataa kushuka kwa sababu ya uvivu wa kupanda tena ndiye utakayemwona baada ya muda akiukandamiza msumeno kwa uzito wa mwili, na siku utakapopenya ghafla upande wa pili mwili huo hufuata.

Jambo lifuatalo linahusu sisi watu wa pwani hasa, na sijaliona likisemwa na muuzaji yeyote. Mashine nyingi zilizokwisha kutumika ambazo vijana wetu hununua huletwa kutoka bara, kutoka Nairobi na sehemu za Eldoret ambako kuna misitu ya kupandwa na wapasuaji wengi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret kama mita 2,100. Kule hewa ni nyepesi, na fundi mwenye kuijua kazi yake huikaza kidogo ile skrubu ya kabureta yenye herufi H ili petroli isiizidi hewa. Mashine hiyo ikiteremshwa kwa basi la usiku na kuwashwa Kisauni asubuhi, hukutana na hewa nzito ya usawa wa bahari, na kipimo kilichokuwa sawa kule sasa ni petroli kidogo mno kwa hewa nyingi. Injini hizi ni za mipigo miwili. Hazina tangi la oili ya ndani kama ya gari, bali oili ya kulainisha pistoni huja imechanganywa na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, joto limepanda, na pistoni huanza kujikwaruza kwenye silinda upande wa ekzosi mpaka inakwama.

Kibaya zaidi ni kwamba mashine iliyo katika hali hiyo huonekana nzuri kupita kiasi. Hulia kwa sauti nyembamba, ya juu, yenye haraka, na mnunuzi hufurahi akidhani amepata mashine yenye nguvu, kumbe inajiunguza. Fungua plagi uitazame: rangi ya hudhurungi ni salama, nyeupe ya majivu ni onyo. Tiba ni kuifungua H kidogo kidogo, ukitumia kipimo cha mizunguko kama fundi anacho, mpaka mashine ikipewa moto wote bila kukata kitu isikike ikigugumia kidogo, na mgugumio huo upotee mara inapouma mti. Mashine zenye kabureta inayojirekebisha yenyewe, ile ambayo Stihl huiita M-Tronic na Husqvarna huiita AutoTune, hazina shida hii, kwani hujipima upya zinapobadilishiwa mahali. Hiyo ni sababu nzuri ya kuzipenda, ingawa zikiharibika zinataka fundi mwenye kompyuta, na mafundi hao hawako kila mtaa.

Kuhusu petroli nitasema machache. Changanya mililita 20 za oili ya mipigo miwili kwa kila lita moja ya petroli, yaani moja kwa hamsini, na upime kwa chupa yenye alama, usikisie kwa kifuniko. Changanya ya kutosha siku chache, usiweke mtungi mzima wa mwezi katika kibanda chenye joto la Changamwe. Oili ya mnyororo ndiyo inayonikera zaidi. Karibu kila gereji humpa mkata miti oili chakavu ya injini bure, naye huimimina katika tangi la mnyororo akijiona mjanja. Oili ile imejaa vumbi la chuma, huziba pampu, husaga baa, na kwa mtu aliye mtini hurukia kamba na mkanda anaoutegemea uhai wake. Kisha chumvi ya bahari huja juu ya yote hayo: mashine iliyolala usiku bila kupanguswa karibu na ufuo huanza kuonyesha kutu kwenye mnyororo kabla ya juma kwisha.

Anayenunua mashine iliyotumika asiridhike na kusikia ikiwaka. Aivute kamba polepole na kuhisi kama injini inampinga kwa nguvu pistoni inapofika kileleni; aombe ekzosi ifunguliwe, kazi ya skrubu mbili au tatu, amulike ndani kwa tochi ya simu na kuitazama pistoni, na akiona michirizi ya wima aiache mashine hapo hapo hata ikiwa bei ni ya kutupwa. Aisukume breki ya mnyororo kwa mgongo wa mkono huku mnyororo unazunguka, na kama hausimami papo hapo, hiyo si mashine ya kupanda nayo. Aitikise mipini kuona kama mipira ya kuzuia mtetemo imekatika, kwa sababu mtetemo wa miaka mingi huua mishipa ya vidole, na wazee wetu kadhaa wa kazi hii hawahisi tena ncha za vidole vyao. Kuna pia mashine za kuiga zenye rangi zile zile za kampuni kubwa. Namba iliyopigwa kwenye chuma cha injini, inayolingana na karatasi za ununuzi, ni ushahidi bora kuliko rangi.

Najua wenzangu waliosomea kazi hii, au waliowahi kuifanya hotelini na kwenye viwanja vya gofu, wataniuliza kwa nini sijaanza na mashine yenye mpini wa juu, iliyotengenezwa mahsusi kwa wapanda miti, kama Stihl MS 201 T yenye sentimita za ujazo 35.2 na uzito wa kilo 3.7. Ni mashine tamu sana kwa kupogoa, na mtu mwenye uwezo wa kununua mbili afanye hiyo kuwa ya pili. Sijaipa nafasi ya kwanza kwa sababu haiwezi kumalizia gogo chini, na kwa sababu umbo lake linamshawishi mtu kukata kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika tawi. Watengenezaji wenyewe huandika kwamba ni ya wapandaji waliofunzwa tu. Mkwezi aliyetoka kwenye panga, ambalo kwa desturi hushikwa kwa mkono mmoja, ndiye mtu wa mwisho ninayetaka kumwona akianza na chombo hicho. Mashine za betri nazo zinakuja, na kwa hospitali au shule wakati wa masomo utulivu wake ni neema. Bei ya betri ndiyo bado inawashinda wengi wetu.

Na hiyo mashine ya 50 nayo isipande bila taratibu zake. Ifungwe kwa kamba fupi kwenye mkanda wa mpandaji, lakini ikivutwa kutoka chini ije kwa kamba yake ya kuvutia, imezimwa na breki imefungwa. Mpandaji awe ameshikwa mahali pawili wakati wa kukata, yaani kamba kuu na mkanda wa pili wenye waya wa chuma ndani, kwa sababu mnyororo ukigusa kamba ya kawaida huimaliza kabla mtu hajapumua. Tawi zito lishushwe kwa kamba na kapi, kama mabaharia wetu walivyokuwa wakishusha foromali, ule mti unaobeba tanga, lisiachwe lianguke juu ya mabati ya jirani. Na penye nyaya za umeme kazi isimame mpaka kampuni ya umeme izime laini. Hakuna msumeno wa ukubwa wowote unaoweza kulipunguza hilo.

Nguo za kinga ndizo zinazobishaniwa zaidi, kwa sababu ya joto letu. Suruali ya wakata miti ina nyuzi ndefu ndani ambazo mnyororo ukizigusa huzivuta, zikajisokota kwenye sproketi na kuusimamisha. Daraja la kwanza la suruali hizo hupimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde, na mnyororo wa mashine ya 50 ukizunguka kwa kasi yake yote bila mzigo huvuka hapo. Maana yake ni kwamba suruali hiyo inapunguza jeraha, haimpi mtu ruhusa ya kucheza. Na maana yake pia ni kwamba mwenye mashine kubwa zaidi ana kinga ndogo zaidi kwa suruali ile ile. Kazi ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, isimame jua likipanda, irudi alasiri. Hivyo ndivyo wakwezi wa minazi walivyofanya siku zote, na suruali nzito inavumilika.

Kwa wenye majumba na makandarasi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kinga, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamtaka awe na bima kwa ajili yao. Mkandarasi anayemwita mkwezi kwa kazi ya siku moja, akamkabidhi mashine ya kupasulia mbao na kamba ya katani, asidhani kwamba malipo ya siku moja yanamwondoa katika sheria hizo. Mwenye nyumba naye, kabla ya kuuliza bei, aombe kuonyeshwa mashine itakayopanda na kamba itakayombeba mpandaji. Akiletewa baa ndefu ya kupasulia magogo, atafute wengine.

Ombi langu la mwisho ni kwa wauza vifaa wa Mwembe Tayari na wa barabara zinazozunguka bandari. Ukienda leo kuulizia mnyororo wa mashine kubwa utapata wa kila urefu, ulioning'inizwa mlangoni, ukiulizia wa .325 kwa baa ya inchi 15 au 16, wenye meno ya kona za mviringo, pamoja na tupa ya milimita 4.8 na kishikio chake, mara nyingi utaambiwa urudi juma lijalo. Vijana hununua mashine kubwa kwa sababu vifaa vyake ndivyo vinavyoonekana. Muuzaji atakayeweka mizunguko kumi ya mnyororo huo na tupa zake kwenye rafu kabla ya mwezi wa Machi atauza yote, nami nitakuwa miongoni mwa wanunuzi wake.

Mkata miti,
Tudor, Mombasa